Ukurasa wa 14

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Flashi ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya sanduku la chuma, sanduku ndani ya kabati la dawa lenye kufuli mbili. Mama wa rekodi aliitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana. Juu ya bahasha ameandika tarehe kwa kalamu ya buluu, mstari mmoja kwa kila mwezi, kuanzia Machi 2013 hadi Mei 2025. Hakuruka hata mwezi mmoja. Ndani ya flashi mna faili moja tu: secring.gpg.

Nikaifungua pale pale. Ina ufunguo mmoja, wa 2013. Ufunguo uliotengenezwa 2022, ule unaofungua bekapu zote za miaka mitatu iliyopita, haumo. Huo ulikuwa kwenye diski iliyokufa mwezi Juni, na diski ile haifufuki tena.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nilimwambia hakukosea popote. Alifuata ukurasa wa 14 wa mwongozo neno kwa neno: kila tarehe 1 nakili secring.gpg kwenye flashi, iweke mahali penye kufuli. Mwongozo huo niliuandika mimi.

Mwaka 2013 maneno yale yalikuwa sahihi. Tulitumia GnuPG 1.4, programu ya kufunga faili, na funguo zote za siri zilikaa katika faili hiyo moja. Novemba 2014 likaja toleo la 2.1, na mpango ukabadilika: kila ufunguo wa siri sasa una faili yake ndani ya folda iitwayo private-keys-v1.d. Ukihamia toleo jipya, programu inanakili funguo za zamani kwenye folda hiyo na kuiacha secring.gpg palepale ilipokuwa, bila kuigusa. Kituo hiki cha afya kilibadilisha kompyuta 2021. Tangu siku hiyo Mama amekuwa akihifadhi faili ambayo haipokei kitu kipya. Ina jina lilelile, inanakilika bila tatizo, hailalamiki. Amri ikikataa, mtu hushtuka akaniita. Hii ilikubali kila mwezi.

Kwenye chumba cha pili vijana wawili wameketi na rejista za karatasi, wanaingiza upya mahudhurio ya miaka mitatu. Yaliyoandikwa karatasini yatarudi. Yaliyoingizwa moja kwa moja kwenye kompyuta hayatarudi.

Nimeondoka na nakala yangu ya mwongozo. Nimemwahidi mpya kabla ya Septemba.


Jumanne, 5 Agosti

Kurasa 23. Nimezisoma zote kwa kalamu nyekundu, mvua ikipiga mabati tangu saa nane.

Kosa la kwanza nililoliona ni dogo mno, na bila shaka limewasumbua watu wengi. Amri za GnuPG huanza na vistari viwili vifupi. Programu niliyochapia mwongozo ilivigeuza vikawa kistari kimoja kirefu, kwa kudhani inanisaidia. Kwenye karatasi hutambui tofauti. Mtu akiinakili amri hiyo kutoka kwenye faili na kuibandika kwenye teminali, programu haimwelewi, naye anaona maandishi ya Kiingereza yasiyomhusu. Nimehesabu mahali 31. Alama za kunukuu nazo zimepindwa vivyo hivyo.

Ukurasa wa 9 unasema programu ikiuliza kama una hakika ufunguo ni wa mtu huyo, "bonyeza y uendelee". Niliandika hivyo ili nisiwachoshe. Nimeukata ukurasa mzima.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeazima kompyuta ya binamu yangu hapa Kapsoya, Eldoret, na kuweka Ubuntu 24.04 upya, isiwe na mpangilio wangu hata mmoja. Kompyuta ya mwandishi imeshazoea makosa yake, kwa hiyo mwongozo haujaribiwi humo. Toleo lililokuja ni 2.4.4.

Nilichapa amri ya ukurasa wa 5 kama ilivyo, gpg --gen-key, nikajifanya sijui kitu. Mwongozo unasema: "Utaulizwa aina ya ufunguo, chapa 1." Skrini haikuuliza aina. Iliuliza jina. Nikatii mwongozo, nikachapa 1, ikakataa. Maswali niliyoyaandika bado yapo, ila sasa unayafikia kwa --full-generate-key. Amri fupi imebaki na jina na barua pepe tu. Mabadiliko haya ni mazuri, kwani mtu wa kituo hana haja ya kuchagua urefu wa ufunguo. Lakini aliyeshika mwongozo wa zamani ataona hatua ya pili hailingani na macho yake, na hapo anaanza kubahatisha.

Kisha nikajaribu kuingia kutoka mbali, kama wanavyofanya wanaotumwa kutoka ofisi kuu. Badala ya kuniuliza nenosiri, ikatoa maneno haya: Inappropriate ioctl for device. Sina Kiswahili cha sentensi hiyo, na hata Mwingereza wa kawaida haimwambii chochote. Maana yake ni kwamba sehemu inayouliza nenosiri, ambayo siku hizi ni programu ya pembeni, haijui iulizie kwenye dirisha lipi. Dawa ni mstari mmoja: export GPG_TTY=$(tty). Nimeuweka kwenye mwongozo chini ya maneno yenyewe ya skrini, herufi kwa herufi, kwa sababu mtu aliyekwama hutafuta kile anachokiona mbele yake. Hatafuti jina la tatizo, maana halijui.

Stima ilipotea saa tatu usiku. Nimemaliza kurasa hizi kwa taa ya simu.


Jumapili, 10 Agosti

Siku nzima ya maneno.

Simu zetu husema "kusimba kwa njia fiche". Nimejaribu kulitumia neno hilo mbele ya watu wa vituo kwa miaka, na kila mara napoteza dakika tano za kwanza, kwa sababu anayesikia "faili imesimbwa" anawaza mnyama. Nikafikiria "kufumba". Lina sauti nzuri, na mwenzake yupo tayari: kufumba na kufumbua. Tunafumba macho, tunafumba mkono, tunafumba maneno. Karibu nilichukue.

Kilichonizuia ni methali ambayo kila mtu anaijua: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo linaahidi kwamba akili ikitosha, litafunguka. Nyanya yangu wa Kisauni alikuwa akizungumza na dada yake kwa kinyume, silabi ya mwisho inatangulia, kitabu kinakuwa bukita, na sisi watoto tukaketi bila kuambulia kitu. Mwaka mmoja tukaigundua kanuni, na tangu siku hiyo hawakuwa tena na siri ndani ya nyumba. Faili hizi si za namna hiyo. Auguste Kerckhoffs aliliandika tangu 1883: njia yote na ijulikane na adui, siri ibaki kwenye ufunguo peke yake. Mwerevu hata awe nani hazigangui, na Mama wa rekodi, ambaye ni mwerevu, ana diski nzima ya kumthibitishia. Kwa hiyo "kufumba" limetoka.

Nimebaki na "kufunga" na "kufungua". Na hapo nikakutana na jambo ambalo nimelipita kwa miaka kumi na miwili. Nimekuwa nikiandika "ufunguo wa umma" na "ufunguo wa siri". Lakini ufunguo, kwa Kiswahili, ni kifungulio. Neno lenyewe limezaliwa na kufungua. Ule wa umma haufungui chochote. Kazi yake hapa ni kufunga tu. Ukimwambia Mswahili kwamba huu ni ufunguo lakini usimpe mtu ule mwingine, anauliza swali la haki kabisa: sasa nimpe upi? Najua kituo kilichotuma wa siri kwa barua pepe, kwa sababu mwongozo wangu ulisema "tuma ufunguo wako".

Huo wa umma ni kufuli. Unazigawa kufuli zako zikiwa wazi, kwa yeyote anayetaka kukutumia kitu. Yeye anaweka karatasi sandukuni, anabana kufuli yako, na tangu hapo hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua. Ufunguo ni mmoja, uko kwako, hautoki. Nimepitia kurasa zote: "tuma kufuli yako", "hifadhi ufunguo wako". Mabano hayahitajiki tena. Sentensi zimefupika zenyewe.

Kwenye skrini bado watasoma pub na sec. Ukurasa wa 2 una mistari miwili kwa herufi kubwa: pub ni kufuli, sec ni ufunguo.

Majirani wamepiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Harambee Stars wameifunga Moroko 1-0.


Jumatano, 13 Agosti

Nimempelekea Mama rasimu. Nilikaa nyuma yake kwenye benchi, mikono nimeikalia, nikajikataza kusema.

Dakika 40. Alitengeneza kufuli na ufunguo bila kusimama. Alipofika kwenye kufunga faili, alichapa amri, akaona faili mpya yenye .gpg mwishoni, akatabasamu, akaandika tarehe kwenye daftari, akasukuma kiti nyuma. Faili ya awali ilikuwa bado pale, juu kidogo ya ile mpya, wazi kabisa. GnuPG haiigusi faili uliyoipa. Inatengeneza nyingine iliyofungwa kando yake. Mimi nalijua hilo kiasi kwamba sikuliandika. Yeye alifikiri, kama mtu yeyote aliyewahi kufunga mlango angefikiri, kwamba chumba ni kimoja.

Nikakumbuka utafiti wa Alma Whitten na Doug Tygar wa 1999. Waliwapa watu 12 programu ya PGP na dakika 90 watume barua iliyofungwa na kutiwa saini. Theluthi moja tu ndio waliofaulu, na watatu walituma siri yao ikiwa wazi bila kukusudia. PGP ile ilikuwa na madirisha na picha za kubonyeza. Sisi tuna teminali nyeusi. Na hata wenye hamu hushindwa: mwishoni mwa 2012 Edward Snowden alimwandikia Glenn Greenwald akimsihi aweke programu hii, akamtengenezea hata video ya kumwongoza, na mwandishi yule mzoefu hakuifikisha mwisho.

Nilimwomba Mama anisomee kwa sauti alichoelewa kwenye hatua ya 6. Alisoma, akanyamaza, akasema, "Hapa umeniambia nifanye nini. Hujaniambia nitaona nini."

Kila hatua sasa ina sehemu mbili: chapa hivi, utaona hivi. Na palipohitajika nimeongeza ya tatu: usipoona hivi, simama hapa, usiendelee. Mwongozo umerefuka hadi kurasa 29, na siuonei huruma urefu huo.


Ijumaa, 15 Agosti

Leo Eldoret inatimiza mwaka mmoja tangu ipewe hadhi ya jiji. Watu wanazungumzia wanariadha na barabara. Mimi naikumbuka Mosoriot, huko barabara ya Kapsabet, ambako 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta katika kituo cha afya cha kijijini. Kutokana na kazi hiyo, Februari 2006, OpenMRS ilianza kutumika hapa Eldoret kabla ya mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba mambo ya kufunga data ni ya mabenki ya Nairobi. Habari za wagonjwa zimo kwenye mashine katika eneo hili kwa karibu robo karne. Wanaozishika ni watu kama Mama.

Nimejaribu kuhakiki kufuli kwa simu na kijana wa mafunzo aliyeko Langas. Kila kufuli ina alama yake ya kidole, herufi na tarakimu 40, na skrini huzionyesha nne nne katika mafungu kumi. Mmoja anasoma, mwingine anafuatilia. Tulikwama fungu la tatu. B, D na E kwenye simu yenye upepo ni herufi moja. Tulirudia mara tatu, kijana akaanza kusema "sawa, sawa" ili tumalize, na hiyo "sawa" ndiyo hatari yenyewe.

Herufi zinazotumika ni sita tu, A hadi F. Nimezipa majina: asali, bata, chai, dawa, embe, fimbo. Tukaanza upya. "Tatu, embe, tisa, bata." "Nimeona. Endelea." Mafungu kumi kwa dakika mbili, na alinikamata nilipokosea kwa makusudi fungu la nane. Hii inachukua nafasi ya ukurasa wa 9 niliokata.

Nimeongeza pia onyo kwamba herufi nane za mwisho hazitoshi. Tangu 2014 imeonyeshwa hadharani kwamba mtu anaweza kutengeneza kufuli nyingine yenye nane zilezile. Someni zote arubaini.


Jumanne, 19 Agosti

Msimamizi wa kituo alitaka kujua kwa nini asiache mambo haya kabisa, maana kilichowapotezea data ni kufunga kwenyewe. Swali lake ni zito na nimelala nalo siku mbili.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale data inapofikiwa na asiyehusika. Inasema pia kwamba hatalazimika kumwarifu kila mgonjwa ikiwa data ilikuwa na kinga inayofaa, na kufungwa kwa faili kumetajwa humo kwa jina. Laptopu moja ikiibiwa kwenye matatu, hilo ndilo linaloamua kama utawaita watu 4,000 mmoja mmoja au la. Lakini sheria hiyohiyo, inapoeleza uvunjaji wa usalama, inahesabu pia data iliyopotea au kuharibika kwa bahati mbaya. Kujifungia nje nako ni uvunjaji. Nimemwambia hivyo wazi, kwa sababu ana haki ya kujua kwamba hofu zake mbili zimo katika sheria moja.

Nilipokuwa kwake niliona orodha ya faili za bekapu. Zimefungwa vizuri, na ya kwanza inaitwa CCC_wanawake_Julai.csv.gpg. GnuPG haifichi jina la faili. Hapa mjini hakuna asiyejua CCC ni kliniki ya VVU, wala anayeonekana kwenye mlango wake anahesabiwa nini. Kuanzia leo majina ni namba na tarehe, na daftari la kutafsiri namba linabaki kabatini.


Ijumaa, 22 Agosti

Simu saa kumi na mbili asubuhi kutoka kituo kingine, sauti inatetemeka: "Mwalimu, ufunguo umeisha muda, tumepoteza kila kitu." Hawakupoteza. Muda ukiisha, kufuli inakataa kufunga faili mpya, lakini ufunguo unaendelea kufungua zote za zamani, na muda unaweza kuongezwa kwa amri ya --quick-set-expire, ilimradi ufunguo wa siri upo. Baada ya hapo unawagawia watu kufuli upya ili wapate tarehe mpya. Nimeandika ukurasa huu nikiwa na sauti yake masikioni. Mstari wa kwanza unasema: faili zako ziko salama. Maelezo yanafuata baadaye.

Jioni nimekaa na jambo hili. Waliotunga programu waliona ni hekima kufuli kwa kawaida izaliwe na tarehe ya mwisho, ili mwenyewe alazimike kurudi na kusema bado nipo, bado ni yangu. Mwongozo wangu haukuwa na tarehe. Ulikuwa na jalada la plastiki na mhuri, na kwa sababu ulionekana wa kudumu, watu wakautii miaka kumi na miwili, minne kati yake ukiwadanganya.

Nimebadilisha jalada. Linasema: Umejaribiwa kwa GnuPG 2.4.4, Agosti 2025. Baada ya 31 Agosti 2026 usiutumie mpaka ujaribiwe tena. Chini ya kila ukurasa nimeirudia tarehe hiyo, kwa sababu kurasa hunakiliwa mojamoja na kubandikwa ukutani. Msimamizi ameniambia watu wataogopa. Nataka waogope tarehe hiyo ikifika, wanipigie, au wampigie atakayekuwepo.

Kenya imetolewa na Madagaska kwa penalti. Mtaa umenyamaza kama kuna msiba.


Jumatano, 27 Agosti

Ukurasa wa 14 mpya. Nimeufanya uwe na namba ileile kwa makusudi, kwa kuwa Mama ameuzoea.

Hausemi tena nakili faili fulani. Mahali pa faili hubadilika kati ya toleo na toleo, kwa hiyo unaiambia programu yenyewe itoe ufunguo, kwa --export-secret-keys, ijue yenyewe umekaa wapi. Nenosiri linaandikwa kwenye bahasha nyingine, inayokaa kwa msimamizi, kamwe si sanduku moja na flashi. Halafu inafuata nusu ya pili, ambayo 2013 haikunijia akilini: kila tarehe 1, baada ya kuhifadhi, chukua kompyuta isiyo na ufunguo, ingiza ule wa kwenye flashi, fungua bekapu ya wiki iliyopita. Ikifunguka, andika tarehe kwenye bahasha, kisha futa ufunguo kwenye kompyuta hiyo. Isipofunguka, usiandike.

Leo tumeifanya. Laptopu ya binamu, imesafishwa upya, haina kitu. Mama alivaa miwani, akaweka mwongozo kushoto. Mimi nilikaa dirishani, mbali kiasi cha kutoona herufi. Nje kulikuwa na ukungu mpaka kwenye ua. Alichapa polepole, kidole kwa kidole, kila hatua akigusa karatasi kwanza kisha skrini. Kwenye hatua ya 4 alisimama, akasoma tena, akasema peke yake, "Nitaona hivi. Ndiyo, naona." Msimamizi alileta bahasha yake, akasubiri, akaondoka nayo.

Kisha kukawa kimya. Nikasikia amepumua.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

Niliinuka nione. Alikuwa ameshaigeuza laptopu, mgongo wa skrini ukinitazama mimi.

"Kaa huko huko, Mwalimu," alisema. "Haya ni ya wenyewe." Akaifunga faili, akachukua kalamu ya buluu.